Mwongozo Kamili wa Kununua Nyumba ya Kupangisha Katika Kata za Katikati ya Mwanza

Mtu mwenye akiba ya shilingi milioni hamsini au sitini jijini Mwanza hushauriwa na wengi anunue kiwanja pembezoni mwa mji, kama Buhongwa, Kisesa au Igombe, akizungushie ukuta, kisha asubiri bei ipande. Ushauri huo una mantiki yake, lakini kiwanja hakilipi pango. Nyumba kuukuu ya vyumba sita au vinane iliyoko Mabatini, Igogo, Mirongo, Pamba, Kirumba au Nyamanoro huanza kuingiza fedha mwezi uleule inaponunuliwa, na wapangaji wake hawakosekani kwa sababu wanaishi karibu na riziki yao. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mnunuzi wa nyumba ya namna hiyo, na msimamo wake ni mmoja: thamani ya nyumba ya kupangisha ya katikati ya mji imo katika karatasi zake, maji yake na choo chake. Rangi, dari ya jipsamu na vigae huja baadaye, na katika mitaa hii mara nyingi havirudishi gharama zake.

Hatua ya kwanza: mjue mpangaji kabla ya kuitafuta nyumba

Sensa ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza ukiwa na watu 3,699,872, na wilaya mbili za mjini, Nyamagana na Ilemela, kwa pamoja zilikuwa na zaidi ya watu milioni moja. Idadi hiyo peke yake haimwambii mnunuzi mahali pa kununua. Kinachomwambia ni safari ya asubuhi ya mpangaji. Muuguzi anayeingia zamu ya usiku Hospitali ya Bugando, pamoja na mwanafunzi wa chuo kikuu cha afya kilichopo hapohapo mlimani, hutafuta chumba ambacho anaweza kukifikia kwa miguu bila hofu. Mchuuzi wa dagaa wa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, huamka kabla ya alfajiri, wakati daladala hazijajaa barabarani, na kwake chumba cha Kirumba au Kitangiri kina thamani kubwa kuliko chumba kizuri zaidi cha Igoma. Machinga wa Makoroboi na mafundi wa katikati ya mji hupima pango kwa kulilinganisha na nauli watakayookoa kwa mwezi mzima.

Kwa hiyo, chagua kwanza kundi moja la wapangaji, kisha tembea kwa miguu kutoka mahali pao pa kazi ukiwa na saa mkononi. Nyumba iliyo ndani ya mwendo wa nusu saa, kwa njia ambayo mwanamke aliye peke yake anaweza kuipita usiku, ina soko. Kipimo hicho ni muhimu hasa Mwanza, kwa sababu mji huu umejengwa juu ya vilima vya mawe, na nyumba mbili zinazoonekana kukaribiana kwenye ramani zinaweza kutenganishwa na ngazi za mawe ambazo bodaboda haipandi. Mpangaji anayelazimika kupandisha ndoo, gunia la mkaa na mtoto mgongoni kwenye ngazi hizo atalipa pungufu ya yule wa chini barabarani, na atahama mapema zaidi.

Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino huko Malimbe ni soko jingine kabisa, la Nyegezi na Mkolani, lenye miezi ya likizo ambayo vyumba hukaa vitupu. Anayetaka soko hilo afanye hesabu zake upya, kwa kuwa hesabu za mwongozo huu haziligusi.

Hatua ya pili: piga hesabu ukiwa bado hujapenda nyumba yoyote

Kosa linalowagharimu wanunuzi wengi ni kupiga hesabu baada ya moyo kuamua. Tuchukue mfano wa kubuni, ambao msomaji atabadilisha tarakimu zake kulingana na bei za mtaa anaoutaka.

Nyumba ya vyumba vinane inauzwa shilingi milioni 60. Gharama za wakili, upekuzi (kuhakiki umiliki), ushuru na uhamisho tuziweke milioni 2, hivyo jumla ni milioni 62. Kila chumba kinapangishwa kwa shilingi 50,000, yaani 400,000 kwa mwezi. Dalali atakwambia kwamba hiyo ni milioni 4.8 kwa mwaka, na atakuwa ametaja fedha ambayo hakuna mwenye nyumba anayeipata yote. Vyumba huhamwa, wapangaji huugua, biashara huyumba. Hesabu miezi kumi na moja, si kumi na miwili: inabaki milioni 4.4. Ondoa kodi ya pango ya asilimia 10, ambayo ni 440,000. Ondoa matengenezo, kunyonya choo, pango la ardhi linalolipwa Serikalini na kodi ya jengo, tuseme 560,000. Inabaki milioni 3.4, ambayo ni kama asilimia 5.5 ya fedha uliyoweka.

Asilimia hiyo ni ndogo, na ni vizuri kuitazama bila kujidanganya. Hati fungani za muda mrefu za Serikali zimewahi kulipa riba ya zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka bila mwekezaji kuziba bati hata moja. Kwa upande wa mikopo ya nyumba, riba za benki zimekuwa zikizunguka kati ya asilimia 13 na 19. Anayekopa kwa asilimia 15 ili anunue kitu kinachozaa asilimia 5.5 ataitoa tofauti hiyo mfukoni mwake kila mwezi, hadi mshahara wake uchoke. Nyumba kuukuu ya vyumba vya bei nafuu inunuliwe kwa akiba au kwa fedha ya wanandugu waliokubaliana kwa maandishi, si kwa mkopo wa benki.

Sasa endelea na mfano huohuo. Kwa shilingi milioni 15 unajenga choo na bafu vya ndani kwa vyumba vinne, unaingiza maji yenye tanki la akiba, unaweka mita ndogo za umeme kila chumba na kusakafia uwanja. Vyumba vinne vyenye choo ndani vinapangishwa kwa 90,000, na vinne vya kawaida kwa 60,000, kwa sababu sasa vina maji na umeme usiogombaniwa. Mapato ni 600,000 kwa mwezi, milioni 6.6 kwa miezi kumi na moja. Ukiondoa kodi ya 660,000 na gharama nyingine za 740,000, inabaki milioni 5.2 juu ya mtaji wa milioni 77, ambayo ni karibu asilimia 6.8. Angalia zile milioni 15 peke yake: zimeongeza milioni 1.8 kwa mwaka, yaani asilimia 12. Katika mfano huu shilingi iliyochimba choo imezaa zaidi ya mara mbili ya shilingi iliyonunua kuta. Hapo ndipo faida ya nyumba za katikati ya mji inapopatikana, na ndiyo maana bei ya kununulia lazima ibaki ya chini kiasi cha kukuachia fedha ya kurekebisha.

Kutoka hapo unaweza kupata bei yako ya juu kabisa. Amua asilimia unayoihitaji, tuseme nane, kisha gawanya mapato halisi kwa asilimia hiyo: milioni 3.4 gawanya kwa 0.08 ni milioni 42.5, gharama za uhamisho zikiwa ndani yake. Hiyo ndiyo bei ya kuandika kwenye karatasi na kuiweka mfukoni kabla ya kukutana na muuzaji. Ukilazimika kuipita, ujue ni kwa ajili ya nini: labda hati iliyokamilika, labda kona ya barabara yenye nafasi ya kujenga fremu za maduka.

Hatua ya tatu: ikague nyumba wakati wa mvua

Nenda wakati wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, au wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei. Mto Mirongo hupita katikati ya mji kuelekea ziwani, na mvua kubwa inaposhuka kutoka vilimani maji hujaa katika mitaa ya bondeni ikiwemo ya Mabatini na Mirongo yenyewe. Kama huwezi kusubiri mvua, tazama sehemu ya chini ya kuta za ndani, nyuma ya kitanda na kabati, ambako rangi mpya haifiki. Mstari wa tope ulionyooka, plasta iliyovimba na kubanduka kwa urefu mmoja ukuta mzima, au miguu ya kitanda iliyopandishwa juu ya matofali, ni maelezo tosha. Kisha mwulize mama lishe wa jirani, ambaye hana sababu ya kukuficha: "Samahani mama, mvua ikinyesha maji yanafika wapi hapa?" Mara nyingi atakuonesha kwa kidole.

Karibu na maji kuna jambo zito zaidi ya mafuriko. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Nyumba iliyo ukingoni mwa Mirongo au ufukweni mwa ziwa inaweza kuwa na wapangaji waliojaa na bado isiwe na kesho. Zaidi ya hayo, ziwa lenyewe halikai mahali pamoja: mwaka 2020, na tena 2024, maji ya Ziwa Viktoria yalipanda kupita kiasi na kuingia kwenye majengo ya pwani. Pima mita hizo kwa kamba, si kwa macho. Fanya vivyo hivyo kwa hifadhi ya barabara, ambayo kwa barabara kuu na za mkoa Sheria ya Barabara ya 2007 iliipanua hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na kwa hifadhi ya reli, hasa Igogo na Mkuyuni ambako njia ya reli inapita. Alama ya X nyekundu ukutani, ambayo huwekwa kwenye jengo la kubomolewa, isikupite hata kama imepakwa rangi juu yake.

Baada ya maji ya mvua, chunguza choo. Sehemu hii wanunuzi huiacha kwa kuona haya, nayo ndiyo inayoamua pango. Mwanza shimo la choo haliendi chini kirahisi kwa sababu ya mawe, kwa hiyo nyumba nyingi za mlimani zina mashimo mafupi yanayojaa upesi. Funua mfuniko, angalia kina, uliza mara ya mwisho kilinyonywa lini na kwa bei gani. Kisha angalia gari la majitaka linaweza kusimama wapi, na kama bomba lake linafika. Pasipofika gari, wenyeji wengine husubiri mvua kubwa ili wafungulie choo kwenye mtaro, na mnunuzi mwenye utu hawezi kuirithi desturi hiyo, kwa sababu uchafu huo unaishia kwenye mlango wa jirani wa chini na kwenye ziwa ambalo sote tunakunywa maji yake. Ufumbuzi upo katika baadhi ya mitaa: MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, imejenga mtandao rahisi wa majitaka wenye mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba za milimani, yakiwemo maeneo ya Igogo na Mabatini. Nyumba inayoweza kuungwa kwenye mtandao huo ina thamani kubwa kuliko jirani yake isiyoweza, hata kama kuta zao zinafanana. Uliza ofisini kwao kabla ya kutaja bei.

Kuhusu maji safi, uliza wapangaji yanatoka siku ngapi kwa wiki na saa ngapi, hasa kama nyumba iko juu, ambako msukumo huwa mdogo. Chanzo kipya cha Butimba, chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, kiliongezea nguvu kile cha zamani cha Capri Point, lakini bomba lililo mlimani bado linahitaji tanki la akiba. Omba ankara ya mwisho ya maji, kwa sababu deni la mita huigandia nyumba na wewe ndiwe utakayekatiwa.

Kuta zenyewe zigonge kwa funguo. Nyumba nyingi za zamani ni za tofali za udongo zilizopigwa plasta ya saruji. Zinaweza kusimama miaka mingi zikiwa kavu, ila hazibebi ghorofa, na bafu la ndani likivuja hubomoka. Ikiwa ndivyo, vyoo vipya vijengwe upande wa uani kwa tofali za saruji, vikiegemea nyumba bila kuitegemea. Kumbuka pia kwamba saruji, mchanga na kokoto vya nyumba ya mlimani hubebwa kichwani kutoka barabarani, na malipo ya wabebaji yanaweza kukaribia bei ya mchanga wenyewe.

Hatua ya nne: karatasi, na watu walio nyuma ya karatasi

Tanzania ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini. Mnunuzi anachonunua ni haki ya kumiliki kwa muda, kwa kawaida miaka 33, 66 au 99, pamoja na maendelezo yaliyo juu yake. Katika kata za katikati utakutana na hali nne: hati miliki, barua ya ofa (ya kupewa kiwanja kabla ya hati), leseni ya makazi (kibali cha muda kwa nyumba za maeneo yasiyopangwa), na nyumba isiyo na chochote isipokuwa makaratasi ya mauziano ya zamani yenye mhuri wa mtaa. Urasimishaji wa makazi, yaani kupima na kutambua rasmi nyumba zilizojengwa bila mpango, umepita katika mitaa mingi ya Mwanza, hivyo nyumba isiyo na hati inaweza kuwa ilishapimwa na kupewa namba, ila mwenyewe hakumalizia malipo. Hilo ni jambo jema kwako, kwa kuwa linashusha bei na linamalizika.

Jua kwanza uko kwenye halmashauri ipi. Mabatini, Igogo, Mirongo na Pamba ziko Jiji la Mwanza, wilayani Nyamagana. Kirumba, Nyamanoro na Kitangiri ziko Manispaa ya Ilemela, ambayo ilianza kujitegemea mwaka 2012. Nyaraka za Ilemela za kabla ya hapo zinaweza kubeba jina la Jiji, na mafaili yafuatiliwe kwa kulizingatia hilo.

Kama kuna hati, wakili wako afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati ili ujue jina la mmiliki, muda uliobaki, na kama kuna rehani ya benki au zuio la mahakama. Kama hakuna hati, nenda idara ya ardhi ya halmashauri ukaangalie mchoro wa mipango miji, kwa sababu mtaa unaweza kuwa umepangiwa barabara inayopita sebuleni kwako. Mwenyekiti wa mtaa na mjumbe wa shina waulizwe pia, kwa heshima na kwa mapana, lakini mhuri wao unathibitisha kwamba wanamfahamu muuzaji; hauthibitishi kwamba nyumba ni yake.

Mgogoro wa nyumba za katikati ya mji, hata hivyo, hutoka kwenye ukoo mara nyingi kuliko kwenye ramani. Nyumba hizi zilijengwa na mababu waliokuja mjini kufanya kazi, wakafariki bila wosia, na wajukuu wamegawana vyumba. Anayekuonesha nyumba anaweza kuwa mmoja wa warithi tisa. Usimlipe hata shilingi ya kishika uchumba kabla hujaona barua ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Nenda na nakala yake mahakamani ilikotolewa, uhakikishe ni halisi na haijafutwa. Kisha omba kikao cha familia, warithi wote watu wazima waje na vitambulisho vyao vya taifa (NIDA), wasaini muhtasari wa kukubali kuuza, na aliye mbali athibitishe kwa maandishi mbele ya wakili wa huko aliko. Mkae hapo mpaka shangazi aliyenyamaza kwenye kona naye aseme neno lake. Kukimbiza kikao hiki ni kununua kesi ya miaka mingi.

Kwa muuzaji mwenye mwenza, Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inalinda nyumba ya familia isiuzwe bila ridhaa ya mwenza. Mume akikwambia mkewe yuko Bukoba na amekubali kwa simu, subiri arudi asaini. Akisema hajaoa, aape kiapo mbele ya wakili, na wewe uwaulize majirani.

Kuna jambo moja zaidi ambalo mikataba mingi hulisahau. Nyumba unayoinunua ina wapangaji, na Mwanza ni kawaida pango kulipwa miezi mitatu au sita mbele. Muuzaji anayejua anahama hukusanya pango la mbele kutoka kwa kila mmoja kabla ya kusaini, kisha mnunuzi hukaa nusu mwaka akiwa na nyumba iliyojaa na mfuko mtupu. Zungumza na kila mpangaji, andika amelipa hadi mwezi gani, linganisha na maneno ya muuzaji, na kiasi chote kilicholipiwa siku za mbele kipunguzwe kwenye bei. Orodha hiyo iambatanishwe kwenye mkataba, ikiwa imesainiwa na muuzaji.

Hatua ya tano: kulipa na kuhamisha

Mkataba uandikwe na wakili wako, si wakili wa pande zote mbili. Fedha ipite benki. Malipo yagawanywe: sehemu wakati wa kusaini, sehemu kubwa nyaraka zote za uhamisho zinapokabidhiwa, na sehemu ya mwisho, angalau moja ya kumi, baada ya kukabidhiwa nyumba na madeni ya maji na ardhi kufutwa. Ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali itahitajika, na kwayo hukokotolewa ushuru wa stempu wa asilimia 1 na kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo ni mzigo wa muuzaji kisheria. Wauzaji wengi hutaka mnunuzi aibebe. Unaweza kukubali, mradi iwe imeshaingia kwenye bei yako ya juu. Bila uthibitisho wa malipo hayo kutoka Mamlaka ya Mapato (TRA), uhamisho hautasajiliwa.

Hatua ya sita: matengenezo kwa mpangilio wake

Anza na mitaro na maji ya mvua, halafu choo, halafu maji safi, halafu umeme, halafu milango na madirisha yenye wavu wa mbu. Rangi iwe ya mwisho. Usiwafukuze wapangaji wote ili utengeneze kwa pamoja; fanya vyumba viwili viwili, ukiwahamishia waliopo kwenye vyumba vilivyokamilika, na pango litaendelea kuingia. Ukuta mpya unahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri, na kukikosa hukuletea agizo la kubomoa.

Umeme unastahili maelezo yake. Katika nyumba za vyumba vingi zenye mita moja ya LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, utaona daftari limening'inizwa kwa msumari karibu na mlango wa ukumbini, lina majina na michango: huyu elfu tatu, yule elfu mbili, na mbele ya jina la mwenye friji kuna alama ya kuuliza. Nusu ya magomvi ya nyumba yanaishi kwenye daftari hilo. Mita ndogo kwa kila chumba huyamaliza, nazo ni miongoni mwa gharama ndogo kabisa za ukarabati. Jambo la pili ni kodi ya jengo, ambayo tangu 2021 hukatwa kupitia LUKU. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi na mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji anayenunua umeme anaikatwa kwa niaba yako, kwa hiyo mrudishie kwenye pango, na ikiwa jengo moja lina mita zaidi ya moja, fuatilia ili lisikatwe mara mbili.

Hatua ya saba: wapangaji

Sheria ya zamani ya kudhibiti pango ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha pango ni makubaliano ya pande mbili. Ndiyo maana mkataba wa maandishi, hata wa ukurasa mmoja, una uzito: jina na namba ya kitambulisho, chumba, kiasi, tarehe, muda wa taarifa ya kuhama au ya kupandisha pango, nani anatengeneza nini. Uandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila upande ubaki na nakala.

Pendelea miezi mitatu mbele badala ya sita. Mchuuzi wa samaki au kibarua wa kiwandani anayeweza kutafuta 180,000 ni wengi kuliko anayeweza kutafuta 360,000, na chumba kilichokaa kitupu miezi miwili kikimsubiri mwenye sita kimekupotezea kuliko ulichotarajia kupata. Pokea kwa benki au kwa simu ili kila malipo yaache kumbukumbu. Kwa mapato haya uwe na namba ya mlipakodi na uyatangaze TRA. Kampuni au taasisi ikipanga kwako, yenyewe itakata kodi ya zuio ya asilimia 10 na kukupa hati ya makato, ambayo uitunze.

Mpangaji akichelewa, zungumza naye wiki ya kwanza, si mwezi wa tatu. Usimng'olee mlango wala bati, usimkatie maji, usimtolee vyombo nje. Ni kuvunja sheria na ni kumvunjia mtu heshima mbele ya watoto wake. Mpelekee taarifa ya maandishi, kisha mhusishe mjumbe na mwenyekiti wa mtaa. Ikishindikana kuna Baraza la Kata, ambalo tangu mabadiliko ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu, na baada yake Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambalo ndilo lenye mamlaka ya kuamua.

Kama huishi karibu, mteue mmoja wa wapangaji wa muda mrefu awe msimamizi, umpunguzie pango kwa kiasi kilichoandikwa, na kazi yake iwe kusimamia usafi, maji na taarifa za ubovu. Asipokee fedha za wenzake. Mpangaji anayewadai wenzake hugeuka adui wa nyumba nzima, na utampoteza msimamizi na mpangaji kwa wakati mmoja.

Kila mwisho wa mwaka fungua daftari lako, jumlisha kilichoingia kweli, ondoa kilichotoka kweli, na ugawanye kwa mtaji wote uliokwisha kuweka. Pandisha pango pale tu ulipoongeza kitu au pale mtaa mzima ulipopanda, na utoe taarifa miezi mitatu kabla. Asilimia ikiwa bado iko chini ya ile uliyoiandika kabla ya kununua kwa miaka mitatu mfululizo, na hakuna choo wala bomba lililobaki la kurekebisha, iuze nyumba ikiwa imejaa wapangaji, hati ikiwa mkononi, kwa mnunuzi ambaye sasa ataweza kufanya upekuzi na asikute doa.